HESABU YA WAISLAMU: TUNAMSUBIRI NANI?



Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, wakaulizwa umri, elimu, kazi, hata aina ya choo. Dini haikuulizwa, kama ambavyo haijaulizwa tangu sensa ya 1967. Kenya ilipohesabu watu 47,564,296 mwaka 2019 iliuliza. Uganda nayo huuliza, na hakuna iliyosambaratika kwa swali hilo. Sisi tumebakiwa na makisio ya wageni, kila kitabu na asilimia yake, nasi tunayagombania barazani kana kwamba ni wahyi.

Mwaka 2012 baadhi ya taasisi za Kiislamu ziliitisha mgomo wa sensa kwa kudai kipengele hicho. Dai lilikuwa la haki. Lakini je, sisi wenyewe tumejihesabu? Hudhayfa (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliagiza aandikiwe majina ya waliosilimu. Hakuwasubiri Makuraishi wamfanyie kazi hiyo.

Hapa Makongolosi vijana huja machimboni kutoka kila mkoa. Ni misikiti mingapi yenye daftari la majina yao? Akifukiwa mmoja na kifusi, nani atajua kuwa ni Muislamu wa kuoshwa na kuswaliwa?

Wingi wa Hunayn haukuwafaa walioujivunia, na uchache wa Badr haukuzuia ushindi. Basi kila msikiti ufungue daftari: waumini, yatima, wajane, wasiojua kusoma Qur'an. Umma usiojijua utadaije kujulikana?

Wabillahi tawfiq.