Mishale Mitatu

Wahenga walisema, "Kidole kimoja hakivunji chawa." Wajapani nao wana hadithi ya namna hiyo.

Zamani katika sehemu za Hiroshima alikuwapo mtawala, jina lake Mōri Motonari. Yasimuliwa kwamba aliwaita wanawe watatu, akampa kila mmoja mshale, akamwambia auvunje. Wakaivunja upesi. Kisha akafunga mishale mitatu pamoja. Wakajaribu, wakashindwa. Pengine ni hadithi tu. Lakini barua aliyowaandikia wanawe mwaka 1557, akiwasihi wasitengane, ingaliko hata leo.

Basi, timu ya kandanda ya Hiroshima yaitwa Sanfrecce. "San" kwa Kijapani ni tatu, na "frecce" kwa Kiitaliano ni mishale. Rangi yao ni zambarau. Siku ya mchezo wazee, akina mama na watoto huvaa rangi hiyo, hata kiwanja chafanana na mzambarau uliozaa sana.

Timu ilianza mwaka 1938, ikiwa ya wafanya kazi wa kiwanda ambacho sasa huitwa Mazda. Miaka saba baadaye, tarehe 6 Agosti 1945, mji ukapigwa bomu la atomu. Yakadiriwa kwamba watu 140,000 walikuwa wamekufa mwaka ulipokwisha. Nani angefikiri habari za mpira katika majivu yale? Lakini wenyeji walijenga tena, na timu ikachipuka pamoja nao. Toka 1965 hata 1968 ilishinda ligi ya Japani mara nne mfululizo.

Lakini timu hujulikana siku ya kushindwa. Mwisho wa mwaka 2007 Sanfrecce ilishushwa daraja. Je, ilikufa? La! Mwaka 2008 ilishinda ligi ya daraja la pili, ikapanda tena. Na mwaka 2012, 2013 na 2015 ikawa bingwa wa Japani nzima. Mwalimu wake miaka hiyo, Moriyasu Hajime, alikuwa zamani mchezaji wa timu hiyo hiyo.

Mwaka 2024 kiwanja chake kipya kilifunguliwa katikati ya mji. Jina lake lina maana ya Bawa la Amani. Si mbali na hapo lasimama gofu la jengo lenye kuba, lililoachwa liwe ukumbusho wa bomu. Vigelegele na makumbusho ni majirani. Tena mchezo ukiisha, ni desturi ya watazamaji wengi wa Japani kuokota takataka zao kabla ya kwenda nyumbani.

Na sisi je? Timu ya kijiji ikifungwa mara mbili, huyu amtukana kipa, yule amfukuza mwamuzi, na wa tatu aanzisha timu yake ng'ambo ya mto. Jamani, hiyo ni mishale iliyofunguliwa kamba. Jumapili hii timu yenu ikifungwa, nendeni mkawashike mikono vijana wenu. Kisha okoteni maganda ya miwa.