PCB si lazima iishie MD

Haya wadau, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka tu, simu yangu haipumui. Kila mtu ana mdogo wake aliyesoma PCB, na swali ni lile lile: "Vipi, kwa alama hizi MD atapata?" Hakuna anayeuliza huyo mtoto mwenyewe anataka kushinda akifanya nini kutwa nzima kwa miaka thelathini. Akikosa MD ndipo kozi nyingine zinaanza kutajwa kama makombo: basi famasi, basi unesi, ikishindikana kabisa ualimu. Na mimi nipo hapo kwenye "ikishindikana kabisa", nasoma ualimu wa Baiolojia na Kemia, kwa hiyo naomba nafasi ya kusema.

Nilipokuwa fildi niliuliza darasa la kidato cha tano nani anataka kuwa daktari. Mikono karibu yote juu. Nikauliza mfamasia anafanya kazi gani. "Anauza dawa." Afisa maabara? "Anapima malaria." Muuguzi? Wakacheka, hasa wavulana. Hawa ndio watakaojaza fomu za chuo mwaka unaofuata jamani! Tunawafundisha muundo wa figo mpaka mishipa ya mwisho, lakini hatuwaambii nani anafanya nini hospitalini.

Chukua unesi kwanza, maana ndio unaodharauliwa kuliko zote. Nenda zahanati ya kijijini yoyote. Yule ambaye wanakijiji wanamwita daktari, mara nyingi ni tabibu mwenye stashahada au ni muuguzi mkunga. Mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku, huyo ndiye anayeamshwa. Hata Shirika la Afya Duniani lilipotoa kiwango chake mwaka 2016 liliwahesabu pamoja: madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000. Sisi Tanzania tuko mbali sana na hapo. Sasa mtoto mwenye alama nzuri akisema anataka digrii ya uuguzi, mbona wazazi wanalia kama kuna msiba?

Na hiyo digrii si mteremko. Ni miaka 4 darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo tarajali, kisha leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Famasi nayo ni 4 na mmoja wa tarajali. MD ni 5 na mmoja. Udaktari wa meno hivyo hivyo, 5 na mmoja. Kwa hiyo mnaosema "kozi za miaka michache" mnapishana na MD kwa mwaka mmoja tu, na sapu zipo kote.

Sasa niwape kesi iliyo mezani. Mtoto wa baba mdogo amechaguliwa sehemu mbili: famasi kwenye chuo cha serikali, na MD kwenye chuo binafsi. Kwa utaratibu wa TCU, aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anathibitisha kimoja tu, na siku zenyewe zinahesabika. Baba mdogo anataka MD. Hoja yake ni moja, ukoo wetu haujawahi kutoa daktari. Siidharau hiyo hoja, mzee ameuza mpaka shamba kumsomesha binti. Lakini ada ya MD kwenye vyuo binafsi inahesabiwa kwa mamilioni kila mwaka, mara tano, na mkopo wa Bodi unatolewa kwa asilimia kulingana na uwezo wa familia. Asilimia ikiwa ndogo nani atajazia? Wanaokwama mwaka wa tatu kwa sababu ya ada tunawajua, wengine tumelala nao chumba kimoja.

Na binti mwenyewe? Huyu tangu kidato cha tatu ananisumbua na maswali ya Kemia. Aliwahi kuniuliza kwa nini dawa moja inamezwa mara tatu kwa siku na nyingine mara moja. Hilo ni swali la kifamasia kabisa, na sikuwahi kumsikia akiuliza lolote kuhusu upasuaji. Damu yenyewe anaikimbia! Nimemwambia baba mdogo waziwazi kwamba ningekuwa mimi ningethibitisha famasi. Mfamasia hakai dirishani tu. Yupo kiwandani, yupo Bohari ya Dawa, yupo TMDA akikagua kama kidonge unachomeza kina kile kilichoandikwa kwenye boksi. Na akitaka kufungua famasi yake baadaye, sheria inataka msimamizi mwenye taaluma hiyo hiyo. Baba mdogo hajanijibu bado, amesema "tutaona", na wanaomjua wanajua maana yake.

Wengine watasema MD ndiyo yenye ajira. Ilikuwa hivyo. Zamani mhitimu wa udaktari, na wa ualimu pia, alisubiri tu kupangiwa kituo. Juni 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi, na tangu siku zile mambo hayajarudi yalivyokuwa. Siku hizi unaomba, unashindanishwa, unasubiri. Kuna madaktari kamili wanajitolea hospitalini kwa posho ya nauli huku wagonjwa wamepanga foleni mpaka nje. Hilo ni jambo la aibu kwa nchi, lakini siku nyingine nitaliandikia peke yake, leo nitakesha.

Sisemi msisome MD. Kama moyo wako uko kwenye kumpima mgonjwa na kuamua afanyiwe nini, nenda, tunakuhitaji, na zile lawama za usiku wa manane uzibebe. Ila angalieni na pembeni. Kuna maabara, ambako daktari asipopata majibu anabaki anabahatisha. Kuna afya ya mazingira, yaani bwana afya na bibi afya, ambao kipindupindu kilipoingia Dar Agosti 2015 ndio walikuwa wanazunguka mitaani kukagua vyoo na visima. Kuna fiziotherapia na viungo bandia kule KCMC Moshi. Wangapi wenu mliwahi kuambiwa kwamba kumtengenezea mtu mguu ni digrii?

Kwa wanaojaza sasa: mwongozo wa TCU usomeni wenyewe, msisomewe na kaka wa stationari. Kila kozi ina masharti yake na kila chuo kina yake, Fizikia ya kozi hii si ya kozi ile. Halafu hakikisheni baraza la taaluma husika linaitambua kozi ya chuo hicho, kabla ya kulipa hata senti. Na mtafuteni mtu anayefanya hiyo kazi, mkae naye siku moja tu muone anavyoshinda.

Naishia hapa, andalio la somo la kesho sijaligusa. Bumu halijaingia, kwa hiyo msinipige mizinga.