Nauli ya Ndege: Tuambieni Bei Kamili Tangu Mwanzo

Simu ya msiba iliingia Jumanne usiku. Mama mkubwa amefariki Mwanza, mazishi Alhamisi mchana. Mama yangu ana shida ya mgongo, na kutoka Dar hadi Mwanza kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,000. Treni ya SGR inaishia Dodoma. Nikaingia kwenye mtandao wa shirika moja la ndege, nikakuta tangazo kubwa: Dar–Mwanza, kuanzia Sh140,000.

Nikaitupia ile bei kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ndani ya saa moja watu wakawa wamechanga. Mjomba, ambaye ndiye mweka hazina, akanitumia hiyo 140,000 kamili.

Sasa ngojeni niwaonyeshe kilichofuata. Nimejaza jina la mama, nimebonyeza kuendelea, ikatokea "kodi na tozo" Sh38,000. Begi la kilo 20, Sh30,000. Siti ya karibu na njia, kwa sababu ya mgongo, Sh8,000. Nikadhani tumemaliza. Kwenye kulipa, "gharama ya huduma" Sh6,000. Jumla Sh222,000, na kuna saa inahesabu dakika kurudi nyuma ili nisipate hata muda wa kufikiri. Nikajazia 82,000 kutoka kwenye hela yangu ya kula chuoni.

Nilipotuma risiti kwenye kundi, mjomba akaandika: "Mwanasheria wetu, mbona hesabu haikai?" Jamani, niliona aibu. Kwa macho ya ukoo mzima nilionekana kama mtoto anayetaka kula hela ya msiba.

Najua wapo watakaosema ndege ni anasa, mwenye hela ndiye apande. Aliyewahi kusafirisha mgonjwa, au kukimbilia mazishi, hawezi kusema hivyo. Wengine watasema bei ya ndege hubadilika dunia nzima, mafuta ni ghali, na anayekata tiketi siku ya mwisho lazima alipe zaidi. Hapo nakubali kabisa. Sidai nauli ipangwe na serikali. Kama bei ni 222,000, iandikwe 222,000 tangu mwanzo, ukoo tuchange tukijua tunachangia nini.

Tena ile "kodi na tozo" iliandikwa kwa mkupuo mmoja. Tozo ya huduma za uwanja wa ndege kwa safari za ndani ni Sh10,000, ipo kwenye sheria na yeyote anaweza kuisoma. Hiyo 28,000 iliyobaki ni ya nani, na kwa sheria ipi? Skrini haikusema. Shirika linaitupia lawama serikali, serikali imekaa kimya, abiria analipa.

Wenzetu walishalimaliza hili. Ulaya wana Kanuni namba 1008 ya mwaka 2008. Kifungu cha 23 kinataka bei ya mwisho ionyeshwe wakati wote, ikiwa na kodi na tozo zote zisizokwepeka, na huduma za ziada ziwe hiari ya abiria. Marekani, tangu 2012, tangazo la nauli lazima liwe na kodi na ada zote za lazima ndani yake. Ndege zao hazijaacha kuruka.

Na sisi si kwamba hatuna pa kuanzia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kifungu cha 15, inakataza mfanyabiashara kufanya jambo linalopotosha au linaloweza kumpotosha mteja. Tume ya Ushindani ipo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ipo, na hata baraza la watumiaji wa usafiri wa anga lipo. Kwenye mabasi, LATRA inatangaza nauli ya ukomo, na kondakta akizidisha abiria anajua pa kushtaki. Kwenye ndege tumeachiwa maneno matano: "vigezo na masharti kuzingatiwa hapa."

Kwa nini hakuna anayeshtuka? Nadhani jibu ni rahisi. Waziri hakati tiketi yake. Inakatwa na ofisi, inalipwa na kodi yetu, yeye anafika uwanjani anapitia mlango wa wageni mashuhuri. Hajawahi kukaa na simu saa sita usiku akitazama bei ikipanda huku salio likiwa lilelile. Mtu asiyelipa hawezi kuona uchungu wa bei.

Kwa hiyo makamanda, tudai mambo matatu. Kwanza, kanuni inayolazimisha bei kamili kwenye kila tangazo. Pili, kila tozo itajwe kwa jina lake na sheria yake. Tatu, begi na siti visiwe vimeshachaguliwa kabla abiria hajachagua mwenyewe. Na ukikutwa na yaliyonikuta, piga picha ya skrini kila hatua, kuanzia tangazo hadi risiti, kisha peleka malalamiko kwa maandishi. Yangu nimeshaandika, kurasa mbili, na picha sita nimeambatisha.

Nakala nimemtumia mjomba. Amejibu: "Hesabu imekaa. Sasa hao walioandika 140,000 nao watuletee yao."