Okidi Haiokolewi kwa Chungu

Jirani yangu mmoja katika mtaa wa Jamhuri, mjini Nairobi, anayo okidi aliyoing'oa kwa mkono wake pembezoni mwa msitu, akaipanda katika chungu, akaiweka barazani. Kila mgeni aingiapo huonyeshwa. "Hii nimeiokoa," husema. "Kama nisingaliitoa kule ingalikanyagwa na ng'ombe au kufukiwa na tingatinga." Wageni humsifu. Mimi nimekunywa chai yake mara nyingi barazani pale, kwa hiyo si jambo jepesi kwangu kutamka kwamba hakuokoa kitu. Okidi ile huchanua kila mwaka, walakini kwa muda wa miaka minne haijafunga tunda hata moja. Wako wafu wazikwao, na wako wafu watiwao chunguni wakamwagiliwa maji kila asubuhi.

Nimesema neno kali, na asemaye neno kali hana budi kulithibitisha. Uthibitisho wangu umo ndani ya ua lenyewe.

Vitabuni tumezoea kufundishwa kwamba ua ni duka. Rangi ndiyo bango lake, harufu ndiyo sauti ya mwenye duka akinadi, na mbochi, yaani maji matamu yaliyomo ndani ya ua, ndiyo bidhaa. Nyuki huja, hupewa mbochi, naye hulipa kwa kuchukua chavua ya ua hili na kuifikisha katika ua lile. Mwanafunzi huyaandika hayo katika mtihani, hupata alama zake, akaenda zake akiamini kwamba baina ya ua na mdudu pana mapatano ya haki. Kwa maua mengi imani hiyo ni sahihi. Kwa okidi haitoshi. Aina za okidi duniani ni zaidi ya 25,000, na yakadiriwa kwamba karibu theluthi moja yao hazimpi mdudu chochote. Bango lipo, sauti ipo, duka ni tupu.

Habari hii ni ya zamani. Mwaka 1793 Christian Konrad Sprengel, mwalimu wa shule wa Kijerumani, alitoa kitabu juu ya maua na wadudu, na ndani yake alieleza kwamba baadhi ya okidi alizozichungua hazina mbochi hata tone, ingawa zimejipamba kama zilizo nayo. Charles Darwin, katika kitabu chake cha okidi cha mwaka 1862, aliona vigumu kusadiki kwamba wadudu waweza kudanganywa kwa kiasi hicho kizazi baada ya kizazi. Alidhani labda maji matamu yamefichwa katika nyama ya ua, na mdudu huyapata kwa kutoboa. Hapo bingwa alikosea na mwalimu wa shule alikuwa na haki. Siutaji mkasa huu ili kumpunguzia Darwin heshima. Nautaja kwa sababu kosa lake na kosa la jirani yangu ni ndugu: kila mmoja alidhani ua hujitosheleza, na kwamba liitalo mgeni lazima liwe na chakula cha kumwandalia.

Basi ua lisilo na chakula humwitaje mgeni? Kwa umbo, kwa rangi na kwa harufu, na kila moja ya hizo ina vipimo vyake. Yafaa kujua kwanza kwamba chavua ya okidi haipeperuki kama unga. Imefungwa vifurushi, na kila kifurushi kina gundi ya kujinatisha katika mwili wa mdudu. Mdudu mmoja akija na kusimama mahali panapostahili, huondoka na mzigo wote. Akisimama kando kidogo, hachukui kitu. Ndiyo sababu umbo la okidi halikubali mzaha.

Huko Afrika Kusini iko okidi iitwayo Disa draconis. Nyuma ya ua lake pana mrija mwembamba, mrefu, na ndani ya mrija hamna kitu. Inzi mwenye ulimi mrefu hupenyeza ulimi wake akitafuta mbochi isiyokuwamo, na kwa kule kusukuma hata mwisho, mwili wake hugusa mahali pa chavua. Wataalamu Steven Johnson na Kim Steiner waliifupisha mirija ya baadhi ya maua hayo, nao walichapisha matokeo mwaka 1997: maua yaliyofupishwa yalipokea chavua kidogo na kufunga matunda machache kuliko wenzake. Hebu fikiri. Mrija ni mtupu, walakini ukiupunguza urefu wake umeupunguzia mmea watoto.

Harufu nayo yaweza kuwa ya ajabu zaidi. Kuna okidi za kundi la Ophrys, katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, ambazo ua lake hufanana na mdudu jike. Mwaka 1916 Pouyanne, jaji Mfaransa aliyekaa Algeria, pamoja na mwenziwe Correvon, walieleza jinsi nyigu dume wanavyolijia ua kana kwamba ni mke wao. Watu walicheka. Mwaka 1999 Florian Schiestl na wenzake walionyesha kwamba ua la okidi mojawapo ya kundi hilo hutoa mchanganyiko ule ule wa harufu ambao nyuki jike hutumia kumwita dume. Haukuwa mzaha wa jaji aliyechoshwa na kesi.

Lakini mfano ambao ningependa jirani yangu aukariri ni wa rangi. Rasi ya Afrika Kusini iko okidi nyingine, Disa ferruginea, isiyo na mbochi, itegemeayo kipepeo mmoja mkubwa wa milimani. Upande wa magharibi ua lake ni jekundu, na mahali hapo pana mmea mwingine wenye maua mekundu na mbochi tele. Upande wa mashariki okidi ile ile ni ya rangi ya chungwa, na jirani yake mwenye mbochi naye ana rangi ya chungwa. Vipepeo wa magharibi, walipojaribiwa, walipendelea nyekundu, na wa mashariki walipendelea chungwa. Tena Johnson alionyesha mwaka 1994 kwamba okidi zilizoota pamoja na yule jirani mkweli zilichavushwa vizuri kuliko zilizoota mbali naye. Rangi ya okidi hiyo, basi, haielezeki kwa kuitazama okidi. Yaelezeka kwa kumtazama jirani.

Wala mtu asidhani kwamba hizi ni hadithi za ugenini. Okidi nyingi za udongoni za kundi la Eulophia, ambalo lina aina kadhaa Kenya, na ndilo kundi la okidi iliyomo katika chungu cha jirani yangu, hazitoi mbochi. Kutoka kusini mwa Ghana iliandikwa mwaka 1975 kwamba Eulophia cristata huchavushwa na wale nyuki wakubwa, wanene, watoboao mbao. Nyuki wa jamaa hiyo tunao Nairobi tele, na mwenye nyumba yenye boriti kuukuu anawajua kwa hasira. Nyuki hujipenyeza katika mdomo wa ua, hukuta patupu, hutoka na vifurushi mwilini.

Niseme pia, kwa haki, kwamba okidi zote si laghai. Zile za kundi la Aerangis ziotazo juu ya miti hapa Kenya, zenye maua meupe yanukiayo usiku, huwalipa nondo waliokuja kuzichavusha. Hata hivyo, Dino Martins na Steven Johnson walipoipima mbochi yake, wakachapisha habari mwaka 2007, walikuta kwamba maji yaliyo karibu na mlango wa mrija ni mepesi, na utamu huzidi kadiri unavyoshuka. Nondo anyonyaye mlangoni tu ameambulia maji, na autakaye utamu hana budi kuzama. Kwa hiyo hata mwenye kulipa hana haraka ya kulipa.

Sasa nawasikia wapinzani wangu wa aina ya kwanza. Wao husema: kama okidi hizo ni matapeli, zife. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na nyuki watapumzika. Maneno haya hupendeza masikioni, ila ni ya mtu apelekaye mimea mahakamani. Ni kweli kwamba ulaghai una hasara. Katika hesabu zilizokusanywa kutoka sehemu nyingi za dunia, okidi zilipazo hufunga matunda kama 37 kwa kila maua 100, na zisizolipa kama 20 tu. Mbona basi zisizolipa hazikutoweka? Jibu mojawapo lilipatikana Uswidi. Mwaka 2004 ilichapishwa habari ya jaribio ambalo watafiti walitia maji ya sukari katika maua ya okidi isiyolipa, Anacamptis morio. Nyuki walikaa, wakazunguka kutoka ua hadi ua la mmea ule ule, na chavua nyingi ikaishia nyumbani ilikotoka, kama mtu aoaye dadaye. Pasipo sukari, nyuki hugundua hila upesi, hukasirika, huruka mbali, na chavua husafiri pamoja naye. Mwenye kukosa mbochi hupata matunda machache, ila chavua yake hufika kwa wageni.

Na okidi hiyo hiyo ya Uswidi ndiyo iniletayo katika shina la shauri langu. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba hupata wachavushaji zaidi ikisimama katikati ya maua mengine yenye mbochi kuliko ikisimama peke yake. Mdudu huja kwa ajili ya wakweli, na mwongo hupata sehemu yake kwa kuwa karibu. Okidi isiyolipa yaishi kwa mkopo wa jina jema la majirani. Waondoe majirani na mkopo umekwisha, hata kama okidi yenyewe hukuigusa.

Hapo ndipo ninapowageukia watu wa chungu. Ninyi huhesabu okidi, hamhesabu magugu. Katika mitaa yetu ya magharibi mwa mji, panapobaki ukanda wa ardhi kando ya ua wa miti au mfereji, mwenye panga hupita kila mwezi akafyeka mpaka udongoni. Vile vichaka vya maua ya manjano vya jamii ya kunde, ambavyo nyuki watoboao mbao huvipenda mno, huitwa uchafu. Gogo kavu, ambalo ndilo nyumba ya nyuki huyo, huchukuliwa kuwa kuni. Kisha tunapanda nyasi za aina moja, na kando yake tunaweka chungu chenye okidi, tukasema tumehifadhi.

Msitu wa Barabara ya Ngong, ambao Jamhuri yapakana nao, ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Tangu hapo umemegwa hata haukubaki nusu yake, na barabara kuu ya mchepuko wa kusini imeupasua. Vipande vilivyobaki vina thamani kwa sababu ndani yake bado wamo wote pamoja: mwongo, mkweli na mdudu wao. Mtu aingiaye humo na jembe dogo akatoka na okidi mfukoni, hata awe na moyo safi, amemtoa mtu mmoja katika ukoo na kusema ameuokoa ukoo.

Wengine, werevu zaidi, hunijibu kwamba mtu aweza kuchukua kijiti na kuichavusha okidi kwa mkono wake. Aweza. Mimi nimejaribu, na tunda hufunga. Lakini mbegu za okidi ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na porini haziwezi kuota isipokuwa zikutane udongoni na kuvu wa kuzilisha. Wako mabingwa waziotesheao katika chupa, nami siwadharau. Hata hivyo, mkono wa mwanadamu hauulizi kama mrija ni mrefu wa kutosha, wala kama rangi yafanana na ya jirani. Kijiti chaingia katika ua lo lote. Baada ya vizazi vichache vya kijiti, okidi yetu ingekuwa na umbo lisilo na kazi, kama kofia ya askari iliyotundikwa sebuleni baada ya askari mwenyewe kufa.

Nilimweleza jirani yangu haya yote, si kwa siku moja. Alisikiliza kwa adabu, maana ni mtu muungwana, kisha akaniuliza nataka afanye nini. Nikamwambia mambo mawili: asing'oe nyingine, na aliache lile pindi la ardhi nyuma ya nyumba yake, hatua 20 kwa 6, bila kulifyeka tangu mvua za Machi mpaka vichaka vimalize kutoa maua. La kwanza alikubali papo hapo. La pili alilikataa. Alisema nyasi ndefu huleta nyoka, na wajukuu huja kwake kila likizo. Nimemwomba aache nusu yake tu, upande wa mbali na mlango. Ameahidi kufikiri, na panga bado limeegeshwa ukutani.