Kauli Iliyoandaliwa Haijui Viambishi

Hoja iliyochapishwa kwamba utafutaji bora katika SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya programu bila seva, hutegemea kuitumia tena kauli iliyoandaliwa, yaani amri inayochanganuliwa mara moja kisha kupewa thamani mpya kila inapotekelezwa, imeacha jambo kubwa zaidi. Kauli hiyo huokoa muda wa uchanganuzi tu. Mvuvi wa Mahurunga, kando ya Mto Ruvuma, akitafuta «vua*» kwenye simu isiyo na mtandao, hatapata «wanavua», kwa kuwa faharasa ya FTS5, sehemu ya SQLite ya kutafuta ndani ya maandishi, hulinganisha mwanzo wa neno, ilhali Kiswahili hutanguliza viambishi. Kigawanyaji cha FTS5 kinachokata maandishi katika vipande vya herufi tatu tatu, kilichoongezwa mwaka 2020, hulipata, ingawa «uvuvi» bado hukikwepa na faharasa hunenepa. Gharama hiyo inastahili kulipwa.