Tazama Miguu Yako Kila Jioni

Watoto, funza si wa asili ya nchi yetu. Mwaka 1872 merikebu iliyotoka Brazili ilimleta Ambriz, katika Angola, ndani ya mchanga. Akafuata njia za wapagazi, na kabla ya mwaka 1900 amekwisha kufika Unguja. Mdudu asiye na mabawa amevuka Afrika kwa miguu ya watu!

Anayejichimbia mguuni ni jike. Huingia penye ukucha au kisigino, akavimba kama punje ya mbaazi, na mayai yake huanguka chini katika vumbi. Basi mtu atoaye funza bila kufagia nyumba amefanya nusu ya kazi. Nyunyiza maji, kisha fagia. Mbwa na nguruwe wasilale ndani, maana nao wana funza.

Jioni osha miguu kwa sabuni, ikaushe katikati ya vidole, uitazame karibu na taa. Ukiona doa jeusi linalowasha, usilikune, mwambie mama. Sindano iwe safi, tena ya mtu mmoja tu, kwani kidonda kichafu chaweza kuleta pepopunda. Viatu ni vizuri, lakini mwenye viatu asiyeosha miguu simsifu.

Jambo moja lanichukiza: kumcheka mwenzako achechemeaye. Aliyechekwa huficha miguu, haji shuleni, na mayai yanazidi nyumbani mwao. Mwache aketi nawe benchi moja. Funza hatoki mguuni mwake kuingia mwako, hutoka vumbini. Baada ya masomo, chukua ufagio uende kwao.