Kuku Wako Si Mjinga: Tofautisha Damu na Malezi



Kuna neno ninalolisikia karibu kila kijiji ninachopita: "Hawa kuku chotara ni wajinga." Mwenye neno hili huwa na malalamiko matatu. Hawatamii. Hawakimbii mwewe. Wanadonoana mpaka kutoana damu. Akishayasema, huwauza wote kwa bei ya hasara na kuapa kwamba hatarudia.

Mimi nasema neno hilo linatupotezea fedha. Tabia ya kuku hutoka sehemu mbili: damu aliyorithi kwa wazazi wake, ambayo wataalamu huiita vinasaba, na mazingira aliyokulia tangu ayai lilipopasuka. Malalamiko yale matatu yanafanana kwa kuyasikia, lakini kila moja lina chanzo chake. Ukikosea chanzo, utatibu mahali pasipouma.

Kutamia: hapa damu ndiyo inayotawala

Mtetea anayetamia hatagi. Anakaa juu ya mayai siku 21, kisha analea vifaranga kwa wiki kadhaa. Kwa mtu anayefuga kwa ajili ya mayai, huo ni muda uliopotea. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu za mayai, kizazi baada ya kizazi, waliwaondoa wateteta waliopenda kutamia na kubaki na wale waliotaga tu. Kuku aina ya Leghorn ni mfano mzuri: ni mtagaji hodari, lakini ni nadra sana kumkuta ametamia.

Jipime kwa mfano huu. Kifaranga wa Leghorn ukimtotolesha chini ya mtetea wa kienyeji, akalelewa naye vizuri, akikua usitegemee atamie. Lakini kifaranga wa kienyeji aliyetotolewa kwa mashine, ambaye hajawahi kumwona mama, wakati wake ukifika atakaa juu ya mayai bila kufundishwa na mtu.

Hata hapo mazingira yana sehemu yake. Kiota chenye giza, mayai yanayoachwa yarundikane na joto lake kifuani huamsha hamu ya kutamia kwa mtetea mwenye damu hiyo. Ukiokota mayai kila siku, unaichelewesha. Lakini usiyo na moto huwezi kuupuliza. Kwa hiyo usimlaumu chotara kwa kutotamia. Bakiza wateteta wachache wa kienyeji kwa kazi hiyo.

Mwewe: hapa malezi ndiyo yanayopungua

Hapa naanza kwa kukiri kosa langu. Kikundi kimoja kilipopokea vifaranga chotara, niliwaambia wanachama wawalee kwenye bruda kisha wawafungulie wakifika wiki ya tano. "Watazoea," nilisema. Mama mmoja alikuwa na vifaranga 30, na fedha alizonunulia zilikuwa za ada ya mtoto. Baada ya wiki mbili alibaki na 11. Aliponiambia kuku wale ni wajinga, nilinyamaza, maana nilijua mjinga alikuwa nani.

Kifaranga huzaliwa na woga fulani wa kitu kinachomjia ghafla. Mengine hujifunza kwa mama. Katika siku moja au mbili za mwanzo humshika anayemwona na kumsikia, akaanza kumfuata. Mtetea akiona mwewe angani hutoa mlio mmoja. Akiona paka au kicheche chini, hutoa mlio mwingine. Watoto wake hukimbilia kichakani au chini ya mbawa zake. Akipata chakula huwaita, nao hujua hiki kinalika. Hiyo ni shule, na kifaranga wa bruda hakuisoma.

Tena hata kifaranga wa kienyeji ukimlea kwenye bruda na kumfungulia ghafla, naye ataliwa. Ni kweli kwamba chotara wengi ni wazito na hawaruki vizuri, na hilo ni la damu. Lakini lile la kusimama uwanjani akimtazama mwewe ni la malezi, na malezi unaweza kuyarekebisha.

Fanya hivi. Ukiwa na mtetea wa kienyeji aliyetoka kutotoa, mwongezee usiku vifaranga chotara wa siku moja au mbili, kwa idadi ambayo mbawa zake zinaweza kuifunika. Kwanza hakikisha mtetea huyo amechanjwa kideri na hana utitiri wala viroboto. Asubuhi mwangalie: akiwadonoa wageni, waondoe mara moja. Kama huna mtetea, usiwafungulie mapema. Subiri wafikie uzito ambao mwewe hawezi kuubeba, kisha watoe kidogo kidogo pamoja na kuku wakubwa wanaoujua uwanja, mahali penye vichaka au vibanda vya kukimbilia.

Kudonoana: hapa vyote viwili vimo

Watafiti nchini Denmark waliwahi kuchagua kuku wa mayai kwa vizazi kadhaa: upande mmoja wale wanaonyonyoa wenzao sana, upande mwingine wale wasionyonyoa. Pande mbili zikatofautiana. Kwa hiyo damu imo.

Lakini banda nalo limo. Kuku ameumbwa kuparua na kudonoa kutwa nzima. Ukimweka kwenye sakafu tupu, mwanga mkali, wamebanana, na chakula chenye upungufu wa protini au chumvi, mdomo wake utatafuta kazi kwenye manyoya ya mwenzake. Damu ikishaonekana, wote wanaifuata.

Kabla hujauza, rekebisha haya. Weka maranda au pumba za mpunga tangu siku za mwanzo, wapate cha kuparua. Ning'iniza mchicha au majani ya kabichi. Punguza msongamano na mwanga. Aliyejeruhiwa mtenge. Weka vichanja mapema, katika wiki nne za kwanza, kwa sababu kifaranga anayejifunza kurukia kichanja akiwa mdogo hukitumia vizuri akikua, na anayedonolewa anapata pa kukimbilia. Ukifanya yote hayo na kuku mmoja bado anang'ang'ania kunyonyoa wenzake, huyo sasa mtoe, na usichukue mayai yake kwa mbegu.

Kwako mfanyabiashara wa vifaranga

Na wewe una deni. Unapomwambia mteja "hawa ni kienyeji kabisa, wafungulie tu," unamuuzia mbegu na ahadi ambayo mbegu hiyo haiwezi kuitimiza. Mwambie mambo matatu: ni mbegu gani, wamelelewa vipi mpaka leo, na kwamba mayai yao hayatatoa watoto wanaofanana na wao, kwa sababu chotara akizaa damu hutawanyika. Utauza vifaranga wachache siku hiyo, lakini mteja atarudi. Mteja aliyepoteza vifaranga 19 kwa mwewe harudi, na anawasimulia majirani.

Wapo watakaosema, basi tuachane na chotara. Mimi sikubali. Chotara anakuzidishia mayai na nyama ukimpa chakula na ulinzi wake. Kienyeji anatamia, analea na anajihami. Kila mmoja ana kazi yake, na boma lenye wote wawili linaweza kumfanya mtetea wa kienyeji awe mwalimu wa watoto wa chotara.

Kwa hiyo safari nyingine ukitaka kusema kuku wako ni mjinga, jiulize kwanza: Jambo hili angeweza kulirithi? Kama ndiyo, je, wazazi wake walikuwa nalo? Kama ni la kufundishwa, nani alimfundisha? Ukikosa jibu la swali la mwisho, usimpeleke kuku sokoni. Anza na banda lako.

Nawe kwako, vifaranga wa bruda huwa unawafungulia wakiwa na umri gani, na hubaki wangapi? Niandikie, tujifunze pamoja. Tukutane wiki ijayo.